Mbeleko ya Mbwana

Msambweni, 14 Agosti 2023

Kwa Twaiba, mjukuu wangu, mke mwenzangu uliyekimbilia baridi ya Nakuru,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, maana ni nyingi. Mimi sijambo, isipokuwa magoti na masikio. Magoti yanalia na masikio yamenyamaza. Usinipigie simu tena. Juzi Hasina alinishikisha simu yako nikasikia nyuki tu, nikasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kumbe ulikuwa ukiniambia mumeo Abdulaziz ana homa. Mwambie aniwie radhi. Sikushukuru homa yake.

Kuanzia sasa ni barua. Hasina, jirani yangu huyu anayefundisha watoto Kurani chuoni, ndiye anayeandika. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asinipambe. Yako ikija atanisomea kwenye sikio la kushoto, ndilo lililobaki, na lazima apige kelele. Nawe waijua nyumba yangu, kuta hazifiki kwenye makuti. Ukiniandikia siri, ujue umeuandikia mtaa mzima.

Mbuzi yule mweupe amezaa pacha. Jirani yetu Kanze bado hajafa na bado anakuja kuomba chumvi.

Sasa lililonifanya nimkalishe Hasina. Shemeji yangu Mwero amekuja hapa na kofia mpya kuniambia kwamba ile kazi ya ukumbi wetu mpya umepewa wewe. Mbao sita, kila ubao na mwanamume mmoja wa Kwale, na juu yake paandikwe "Wanaume Wetu". Babu yako mdogo Mwero ndiye mwenyekiti wa kamati, basi ameisema habari hiyo kama aliyekuzaa yeye. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Wanaume wao wanachorwa na mwanamke! Wachore vizuri, uwape mashavu.

Na babu yako Mbwana asikose. Mchore juu ya mnazi, na kamba yake miguuni na shoka kiunoni. Hakuna mkwezi aliyepanda kama yeye kutoka hapa hadi Vanga. Huko juu ndiko alikokuwa mfalme, chini alikuwa mume wangu tu.

Kula, usikonde.
Bibi yako, Mwanatumu


Nakuru, 3 Septemba 2023

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Abdulaziz amepona na anasema shukrani yako ndiyo iliyomponya. Hapa asubuhi maji ya bomba yanauma meno. Chuo kimefunguliwa, nina wanafunzi arobaini wa kuchora na kati yao watano wanataka kweli.

Mbao nimeshazianza. Babu ninaye, lakini si juu ya mnazi. Nimemchora amesimama chini ya mkorosho, kamba begani, na mimi mgongoni mwake nimefungwa kwa leso. Nilianza na fundo la leso pale kifuani, kabla ya uso wake, kabla ya mikono. Nililiweka kwa kisu, si kwa brashi, rangi nzito juu ya rangi nzito, likatokeza kama fundo la kweli. Sijawahi kufanya kazi nikiwa na furaha namna ile.

Habari za mwaka ule alionibeba hukunisimulia wewe. Nilizisikia kwa wakwezi wenzake, nao walikuwa wakicheka. Nimeweka picha ndogo ndani ya bahasha, na kamati nimeipelekea kama hiyo. Nina swali moja tu, Bibi. Leso ilikuwa rangi gani? Nimeiacha nyeupe nikingoja jibu lako.

Wako, Twaiba


Msambweni, 20 Septemba 2023

Twaiba, mjukuu wangu,

Salamu zako nimezipata zote. Mmoja wa wale pacha amekufa, alhamdulillahi amebaki mmoja. Hasina ameposwa na mtu wa Ukunda anayeuza matairi. Nimemwambia amtazame kwanza akiwa na njaa ndipo amkubali.

Picha nimeiona. Hasina aliiweka juani nikaitazama mpaka chai ikapoa. Ni yeye. Miguu ile iliyopinda kwa kukumbatia minazi, umeitoa wapi wewe? Na jinsi anavyoinamisha shingo ili mtoto apate hewa. Ni yeye.

Rangi ya leso sikumbuki.

Ondoa leso, Twaiba. Nakwambia mimi niliyekaa naye miaka arobaini na sita. Hujui walivyomfanya. Kila alipopita pale dukani walimwita Mama Twaiba. "Mama Twaiba, mtoto amenyonya?" Siku moja mmoja wao, Garama, alimpigia kelele hivyo yeye akiwa juu ya mnazi, na wewe umening'inizwa ndani ya leso kwenye tawi la mkorosho. Mbwana akajibu kutoka huko juu, "Bado, nakungoja wewe uje na maziwa!" Na dafu likaanguka karibu na mguu wa Garama, likapasuka. Alisema liliponyoka. Watu walicheka mwezi mzima, lakini walimcheka Garama.

Sasa Mbwana yuko kaburini. Watoto wa shule wakimcheka ukutani, nani atajibu kutoka juu ya mnazi? Mpe heshima yake. Mpe shoka, mpe kamba, mpe kofia. Mtoto mwache ashikwe na mtu mwingine.

Hasina ananitazama vibaya. Hasina, andika hivyohivyo. Ondoa leso.

Bibi yako


Nakuru, 29 Oktoba 2023

Bibi,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua tatu nilizoziandika nimezichana.

Kamati imeniandikia. Mbao tano wamezipenda. Ule wa sita wanasema mwanamume aonekane katika hali ya mwanamume, na kwamba marehemu Mbwana asidhalilishwe mbele ya wageni. Bibi, jina la Babu sikuliandika popote. Katika picha yao niliandika "Mkwezi" tu. Kwa hivyo ni zile kelele za Hasina zilizopita juu ya ukuta wako zikafika kwa Babu Mwero. Sikulaumu. Ulinionya tangu barua ya kwanza, mimi ndiye niliyesahau na kuandika kama mtu anayeongea na bibi yake chumbani.

Nimewajibu kwa adabu. Nimewaambia hii ndiyo sura ya uanaume ninayoijua mimi, nyingine nimezisikia tu. Hawajajibu.

Na jambo jingine limenipata. Siwezi tena kukuandikia. Nikishika kalamu namsikia Hasina akiipigia kelele barabarani. Hapa juu niliandika nilivyojisikia niliposoma barua yao, halafu nikafuta. Utaona alama ya kufuta. Mwambie Hasina asijaribu kuisoma.

Wako, Twaiba


Msambweni, 2 Desemba 2023

Twaiba wangu,

Barua yako imefika imelowa kama mkate ndani ya chai. Mvua imetukalia. Barabara ya Ramisi ilikatika, magari yakageuka, na kwangu makuti yanavuja sehemu tatu. Nalala katikati ya ndoo kama mwali. Hasina ameolewa na bado anakuja kuniandikia. Mumewe ni mtu mzuri hata akiwa na njaa.

Ndiyo, ukuta ndio uliosema. Nyumba hii haina siri.

Mwero alikuja, mwavuli mkononi, akasimama mlangoni asiingie.

"Shemeji, wafikiri mimi simpendi ndugu yangu?" akaniuliza.

"Sijasema hivyo."

"Mimi nitaingia ukumbini kila mkutano nimwone amefungwa leso ya kike? Wageni wa Kwale waje waulize, huyu naye ni nani? Niwajibu nini?"

"Uwajibu ni Mbwana."

"Na wakiuliza kwa nini?"

Nikaenda kumwaga ndoo iliyojaa. Mwero akangoja, akafungua mwavuli wake, akaenda.

Na Kanze naye, alipokuja kwa chumvi, akaniambia, "Ubaya wa picha ile si yeye, Mwanatumu. Mtu akimwona mwanamume na mtoto mgongoni, atauliza mkewe alikuwa wapi." Nilimfukuza na ufagio. Chumvi nikampa kesho yake.

Fanya wanavyotaka, mjukuu wangu, ulipwe jasho lako, uje utuone. Picha ni mbao na rangi. Babu yako hayumo ndani.

Bibi yako


Nakuru, 21 Januari 2024

Bibi,

Shikamoo. Abdulaziz anakusalimu. Paka ametuzalia juu ya nguo safi.

Mbao zimemalizika, zinakuja kwa lori wiki ijayo. Nataka nikwambie zilivyomalizika, na mtaa usikie ukitaka.

Kwanza niliishusha leso, ikawa kama shuka ya begani. Nikapeleka picha. Kamati kimya. Nikangoja wiki mbili, na katika kule kungoja nikamvalisha koti. Hakuna aliyeniambia koti. Koti likamfunika mtoto miguu, akabaki kichwa, na kichwa peke yake kilionekana kama mzigo, basi nikakiondoa. Mkono wa Babu uliokuwa nyuma ukimshikilia mtoto ukabaki hauna kazi. Nikaupa shoka. Nikapeleka picha. Wakajibu siku hiyohiyo: hongera.

Kisha nikarudi kwenye mbao zile tano walizozipenda. Yule mchungaji wa Taru nilikuwa nimemchora akimsuka binti yake nywele, ng'ombe wamelala nyuma yao. Kamati haikusema neno juu yake. Lakini nilisimama mbele yake nikasikia watakavyosema, nikamwondoa binti, nikampa mchungaji fimbo. Yule mwalimu alikuwa akicheka, kinywa wazi. Nikakifunga. Bibi, hakuna aliyenishika mkono. Sasa ni wanaume sita, wote wanatazama mbele kama wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Kwenye ufunguzi sitakuja. Kuna kazi nyingi chuoni.

Kuna jambo moja sitaliandika. Ukifika ukumbini, mguse Babu kifuani. Kwa kidole, taratibu.

Wako, Twaiba


Msambweni, 18 Aprili 2024

Twaiba, mwana wa mwanangu,

Idd imepita, tumekula, tumesameheana kwa midomo kama kila mwaka. Watoto wa paka wako wagawie watu, nyumba ya paka wengi haina nguo. Hasina ana mimba ya miezi mitatu na anatapika kila nikisema neno samaki.

Nimechelewa mno, najua. Ukumbi ulifunguliwa mwezi wa pili. Nilikuwa na la kusema, likakataa kutoka. Leo tumefunga mlango. Nimemshika Hasina kichwa nasemea sikioni mwake, na kwa kuwa sijisikii, nimemuuliza kama nanong'ona au napiga kelele. Anasema nanong'ona. Ameapa. Tuendelee.

Siku ile walikuja wageni wa Kwale, wakaimba watoto, Mwero akasema mpaka viti vikalegea. Agizo lako mtaa mzima ulilisikia. Kanze akanipigia kelele mbele ya watu, "Nenda kamguse mumeo kifua, mjane wewe!" Wakacheka, nami nikacheka. Nikangoja wote watoke kwenda kula pilau. Nikaburuta magoti mpaka kwake.

Umemfanya kama askari. Koti lile hakuwahi kuwa nalo maishani mwake. Nikaweka kidole. Nikapapasa vifungo vya koti, laini, vya rangi tu. Nikasogeza kidogo kushoto.

Fundo lipo. Limetokeza chini ya koti lako, gumu, kama uvimbe. Hukulikwangua.

Nilisimama pale mpaka Mwero akaja kunitafuta na sahani. "Shemeji, unalia nini? Mbona ametoka vizuri." Nikamwambia, Mwero, mwiteni Twaiba aje alirudishe kama lilivyokuwa. Akanishika mkono kwa upole kabisa. "Wageni wameshaona, shemeji. Wameshapiga makofi. Na kumbuka wewe mwenyewe ulichoniambia."

Hilo la mwisho ndilo lililonikataa kooni miezi miwili.

Ukuta haukusema, Twaiba. Nilisema mimi. Siku ileile ya picha, kabla sijamkalisha Hasina aandike uondoe leso, nilikuwa nimeshatuma mtu amwite Mwero. Nilimwonyesha. Nikamwambia, tazama mwanamke anavyomfanyia ndugu yako, zuieni. Mwero hakuwa ameona chochote kibaya mpaka nilipomwekea maneno. Ukaniandikia kwamba ni kelele za Hasina, nami nikakuacha uamini. Huyu binti maskini amebeba lawama yangu tangu wakati ule, na ndiye aliyekuwa akiandika.

Sikuogopea heshima ya Mbwana. Mbwana hakuwahi kuipoteza. Kanze ndiye aliyejua. Niliogopa watu watauliza mkewe alikuwa wapi.

Nilikuwa ndani. Nililala nimeelekea ukutani. Mama yako, mwanangu, alikufa ukiwa nusu humu duniani na nusu ndani yake, na walipokuleta kwangu umeoshwa, nikasema mtoeni. Sikukutaka. Miezi kumi na moja sikukushika. Nilisikia ukilia, masikio yangu wakati huo yalikuwa mazima, nikavuta shuka. Mbwana hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa akikupa maziwa ya mbuzi kwa kijiko, anajifunga, anatoka nawe. Siku niliyokuchukua ulikuwa unatembea. Ulikuja mwenyewe ukashika kidole changu cha mguu.

Uliniuliza rangi. Nyekundu, maua meusi, pindo limechanika. Ilikuwa ya mama yako. Naikumbuka kuliko sura ya mama yako.

Na siku ya ndoa yako, watu wa Abdulaziz walipoleta haki za wazee, mbeleko nani aliipokea? Leso mpya ya yule aliyembeba bibi arusi. Mwero alipewa kilemba, na mimi nikapewa mbeleko. Wanawake wakapiga vigelegele, nikaiinua juu ya kichwa, nikacheza nayo. Mbwana alikuwa nje kwenye mkeka na wanaume. Aliporudi ndani aliitazama, akaishika pindo, akasema, "Nzuri. Imekupendeza." Basi. Mpaka anakufa hakusema jingine.

Sijaivaa. Ina miaka kumi na moja sandukuni. Nimeifunga pamoja na barua hii, si yangu. Mwenyewe hayupo, basi wewe uliyekuwa mgongoni ndiye uliye karibu naye kuliko wote.

Mwero nimemrudia mara mbili tena. Ananipa chai. Nikisema sana, ananiita mzee. Mimi sina ninaloweza kufanya, isipokuwa kila Ijumaa baada ya watu kutoka naingia naweka kidole.

Sasa sikiliza vizuri. Hili usinijibu. Sitaki kusamehewa kwa kelele mtaa mzima ukisikiliza, wala sitaki kulaaniwa hivyo. Niandikie salamu tu. Niambie habari za paka.

Bibi yako, asiyestahili jina hilo. Hasina anakataa kuandika hayo, nimemlazimisha.

Mwanatumu


Nakuru, 12 Mei 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mvua imekuwa kubwa, bonde lote limekuwa kijani, na njia ya chuoni ni tope. Abdulaziz anakusalimu, ameanza kuvaa miwani na anajifanya profesa. Paka watatu tumewagawa. Wa nne amekataa kuondoka.

Wanafunzi wangu wamefanya mtihani. Mimi sijachora kitu tangu mbao zile. Nakaa mbele ya ubao mtupu, halafu naenda kupika. Labda itapita.

Leso imefika salama. Nimeitandika kitandani, nikaikunja, nikaitandika tena. Sijui bado niifanye nini. Abdulaziz anauliza kwa nini haivaliwi, nami nashindwa kumwambia.

Magoti uyapake mafuta ya nazi ya moto. Mpe Kanze chumvi. Ukiingia ukumbini siku ya Ijumaa, unisalimie Babu.

Hasina, dada yangu, hapa nyamaza kidogo. Usimsomee kitu. Mshike bibi yangu mkono, uubane mara moja, kwa nguvu, usiuachie mpaka auachie yeye. Halafu ndipo umalizie.

Nikipata likizo nitaandika lini nakuja. Sijapata.

Mjukuu wako, mke mwenzako,
Twaiba